Imeili ya Wanachama 640 Imegoma Kwenda

SWALI: Habari za kazi kaka Fundi. Mimi ni katibu wa SACCOS yetu huku Morogoro, tuko wanachama 640. Juzi nimeandaa taarifa ya mkutano mkuu, nikajaza imeili za watu wote nikatuma, ikarudi eti nimefikia kikomo. Nikagawa mafungu mawili ya watu 320, la kwanza likaenda, la pili likagoma, na sa hivi hata imeili ya mtu mmoja haitoki! Bando ninalo. Kijana mmoja ananishauri nifungue akaunti nyingine nimalizie. Nifanyeje, mkutano ni wiki ijayo?
Katibu mwenye presha

JIBU: Pole katibu, akaunti haijafa, imefungiwa tu. Shida sio bando, shida ni kwamba wenye mitambo wanahesabu vichwa, hawahesabu barua. Wewe unaona umetuma imeili moja, wao wanaona 640. Gmail ya bure kwa mfano mwisho ni watu 500 kwa siku, na kama unaitumia kupitia programu kama Outlook au Thunderbird basi ni watu 100 tu kwa imeili moja. Ukizidisha unafungiwa kuanzia saa moja mpaka masaa 24 halafu inajifungua yenyewe, kwa hiyo acha kubonyezabonyeza.

Mbona wanabana hivi? Wale jamaa wa "ile hela itume kwenye namba hii" wapo na kwenye imeili pia, wakishaiba paswedi ya mtu wanarusha maelfu ya ujumbe usiku mmoja, na seva (kompyuta inayosafirisha imeili) iliyotoa uchafu huo ikiingizwa kwenye orodha nyeusi ya watuma spamu basi hata imeili za wateja wasio na kosa zinaanza kutupwa kwenye spamu. Ndo maana pia kampuni nyingi za intaneti zimeziba poti 25 (mlango wa zamani wa kupitishia imeili), ukitumia programu kama Outlook unatakiwa upite poti 587 au 465 na uingie kwa paswedi yako.

Sasa huyo kijana, msamehe ila usimsikilize. Akaunti imezaliwa leo na leoleo inatuma kwa watu 320, hata mimi ningedhani ni tapeli, wanaweza kuifunga kabisa.

Fungu la kwanza limeshafika, usiwarudie. Akaunti ikifunguka tuma la pili peke yake, na tafadhali weka anwani kwenye BCC (sehemu inayozificha) sio CC, maana kwenye CC kila mtu anaona anwani za wenzake na akitokea mmoja akajibu wote "sawa nimeipata" simu za watu 320 zinalia. Anwani zilizokufa zifute kabisa, barua nyingi zikirudi nayo inakuchafulia jina. Taarifa yenyewe kama ni PDF nzito iweke kwenye Google Drive (stoo ya mafaili mtandaoni) utume linki.

Mkutano ukiisha fungua Google Groups, uwaingize wanachama kidogokidogo (nako kuna kikomo cha kualika kwa siku, usishangae), baada ya hapo unatuma kwa anwani moja tu ya kundi na yenyewe inasambaza.

Halafu katibu, kati ya hao 640 wangapi wanafungua imeili kweli? Mimi ningewatumia na SMS ya mistari miwili, tarehe na ukumbi.