Maswali ya wasomaji: msimbo unaotunga SQL

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Tuna maktaba ndogo ya ORM (msimbo unaounganisha vitu vya programu na majedwali ya hifadhidata) tuliyoiandika kwa Python kwa ajili ya kumbukumbu za mwalo: vyombo, safari za usiku, kilo za dagaa na migebuka. Hifadhidata ni SQLite. Fankisheni inayotunga kwiri (ombi kwa hifadhidata, kwa lugha ya SQL) ina mistari kama 600, yote ni kuunganisha stringi na `if` juu ya `if`. Juzi tuliruhusu sharti liwekwe ndani ya JOIN, kifungu kinachounganisha majedwali. Sasa tukiomba safari za tarehe fulani zenye zaidi ya kilo 20, tunapata orodha tupu, na programu hailalamiki. Tunataka kuipanga upya yote. Tuanzie wapi?
— Msomaji, Kibirizi, Kigoma

JIBU: Tuanze na hiyo orodha tupu, maana ndiyo inayoonyesha ugonjwa wenyewe ulipo. Alama ya `?`, inayoshika nafasi ya thamani ndani ya SQL, haina jina. Thamani ya kwanza huingia kwenye `?` ya kwanza katika maandishi, ya pili kwenye ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwiri yenu bila shaka inatoka namna hii:

`SELECT s.id FROM safari s JOIN mavuno m ON m.safari_id = s.id AND m.kilo > ? WHERE s.tarehe = ?`

Tukikisia kwa dalili mlizotaja, msimbo wenu ulikusanya kwanza thamani za WHERE (kifungu cha masharti), kisha za JOIN zikabandikwa mwishoni mwa orodha. Katika maandishi JOIN ndiyo inayotangulia. Kwa hiyo tarehe imekwenda kulinganishwa na kilo, na 20 imekwenda kulinganishwa na tarehe. SQLite haioni ubaya: kwake namba yoyote ni ndogo kuliko maandishi yoyote, basi `kilo > '2024-03-05'` ni uongo kwa kila safari. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, ingegoma papo hapo kwa sababu ya aina ya data. Ukimya huo wa SQLite ndio unaofanya kosa hili likae miezi bila kuonekana.

Tiba si kuhamisha mstari mmoja ukapumua. Tiba ni kutoruhusu maandishi na thamani zake kutembea njia mbili. Kila fankisheni inayotoa kipande cha SQL irudishe jozi, yaani maandishi pamoja na thamani za maandishi hayo tu, na anayeunganisha vipande aunganishe vyote viwili kwa mpangilio uleule:

`def unganisha(vipande, kiungo):`
`    sql = kiungo.join(k.sql for k in vipande)`
`    thamani = [t for k in vipande for t in k.thamani]`
`    return Kipande(sql, thamani)`

Kuanzia hapo hakuna mahali pengine panaporuhusiwa kugusa orodha ya thamani. Mkiwa na kwiri ndogo ndani ya SELECT, thamani zake zitatangulia zote bila mtu kukumbuka chochote.

Ila msiandike hata mstari huo kabla ya kuweka mtego. Pale ambapo maktaba inaita dreva ya hifadhidata (programu inayozungumza nayo), pachikeni kinasa kinachoandika kwenye faili maandishi ya SQL na orodha ya thamani kwa kila kwiri. Endesheni majaribio yote, ongezeni kwiri za makusudi zilizo ngumu: chujio lenye OR ndani ya AND, kuhesabu kukiwa na GROUP BY, jedwali lililounganishwa na lenyewe, LIMIT ndani ya kwiri ndogo. Kwiri 50 zilizochaguliwa vizuri zinatosha kuanzia. Kila badiliko baada ya hapo linapimwa kwa faili hiyo, na maandishi yasitofautiane hata kwa nafasi moja. Mkikuta kosa la zamani njiani, kama hili la JOIN, liacheni kwanza, lirekebishwe kwenye komiti yake pekee, yaani badiliko linalohifadhiwa peke yake kwenye historia ya msimbo. Kupanga upya na kurekebisha vikichanganywa, faili ya mtego haikuambii tena lolote.

Sasa zile mistari 600. Zikateni kwa vifungu vya SQL: fankisheni moja ya SELECT, moja ya FROM na JOIN, moja ya WHERE, na kuendelea hadi LIMIT. Hii ni kazi ya siku moja au mbili, haina utata. Kazi yenyewe ni WHERE, ambayo inafaa kugeuzwa kutoka stringi kuwa mti: nodi ya `Sharti` yenye kolamu, alama na thamani, kisha `Na`, `Au` na `Siyo` zinazobeba nodi nyingine. Mabano yawekwe na nodi yenyewe inapoandikwa, yasiachiwe anayeita. AND hufunga kwa nguvu kuliko OR, kwa hiyo `aina = 'boti' OR aina = 'mtumbwi' AND kilo > 20` itawarudisha boti wote, hata walioambulia kilo mbili.

Nodi ndiyo mahali pa kumalizia mambo madogo yanayoumiza. NULL ni thamani isiyopo, na `= NULL` haiwi kweli kamwe, hivyo thamani ikiwa `None` nodi iandike `IS NULL`. Orodha tupu nayo: `IN ()` ni kosa la sarufi kwenye PostgreSQL na MySQL, ingawa SQLite inaimeza. Andikeni `1 = 0` badala yake, na `1 = 1` kwa NOT IN. Wengine huona ni ujanja kukatisha kwiri nzima na kurudisha orodha tupu bila kugusa hifadhidata. Inafaa, mradi tawi hilo halimo ndani ya OR wala NOT, na COUNT irudishe 0, si orodha tupu.

Jambo la mwisho ni nakala. Kama `.chuja()` inanakili kwiri kwa `copy.copy`, nakala na asili bado zinashika orodha moja ya masharti. Chujio la mtu mmoja litavuja hadi kwenye kwiri ya mwenzake. Hifadhini masharti kwenye `tuple`, si `list`. Mkitaka kuona mti wa aina hii uliokomaa, fungueni SQLAlchemy: sehemu yake ya Core hujenga mti tu, na kompaila ya lahaja husika (namna ya SQL ya hifadhidata fulani) ndiyo inayougeuza kuwa maandishi.

SWALI: Ofisi yetu ya ushirika wa wafuga nyuki inatumia SQLite kwenye kompyuta mpakato na PostgreSQL kwenye seva. Msimbo umejaa `if lahaja ==`. Na kumtafuta mfugaji kwa jina kunaleta majibu tofauti kwenye mashine hizo mbili.
— Msomaji, Sikonge, Tabora

JIBU: Mti usijue lahaja kabisa. Tengenezeni klasi moja ya kompaila inayotembelea nodi, na klasi ndogo kwa kila hifadhidata inayobadilisha kilicho tofauti tu. Kwenu tofauti si nyingi. Dreva ya sqlite3 hutumia `?`, psycopg, dreva ya PostgreSQL, hutumia `%s`, na kwa sababu hiyo alama ya asilimia iliyoandikwa ndani ya SQL yenyewe lazima irudufiwe kuwa `%%`.

Majibu tofauti yanatoka kwenye LIKE, inayotafuta maandishi yanayofanana na ruwaza. SQLite haibagui herufi kubwa na ndogo za kawaida, PostgreSQL inabagua. Kompaila ya PostgreSQL iandike ILIKE kwa nodi ya utafutaji usiobagua. Halafu alama za `%` na `_` anazoandika mtumiaji zikingwe kwa mkwaju wa nyuma (`\`), na mwisho wa sharti muandike `ESCAPE '\'` wazi. PostgreSQL huchukua mkwaju huo kwa chaguomsingi, SQLite haina chaguomsingi.

Kompaila ibebe pia ukomo wa thamani kwa kwiri moja. SQLite kabla ya toleo 3.32.0 la mwaka 2020 iliishia 999, sasa ni 32766, na itifaki ya PostgreSQL inaishia 65535. Mkiingiza rekodi za mizinga zenye kolamu 12 kwenye SQLite ya zamani, kila fungu lisizidi rekodi 83.

SWALI: Tumemaliza kupanga upya, majibu ni sahihi, lakini faili ya kulinganishia inaonyesha SQL tofauti kila tukiendesha, na kache ya kwiri (hifadhi ya muda ya kwiri zilizokwisha kutungwa) haishiki chochote.
— Msomaji, Nzega, Tabora

JIBU: Angalieni lakabu za majedwali, yaani majina mafupi yanayopewa ndani ya kwiri. Mkizitoa kwenye `id()` ya kitu, au mkipitia majedwali kwa `set`, mpangilio hubadilika: tangu Python 3.3 heshi ya stringi (namba inayokokotolewa kutoka stringi, ambayo `set` huitumia kupanga vitu) huchanganywa upya kila programu inapoanza. Tumieni kihesabio kinachoanzia 1 kwa kila kwiri, kikiongezeka kwa mpangilio wa kuunganisha: t1, t2, t3. Kihesabio kisiwe cha programu nzima, la sivyo kwiri ileile itaitwa t1 asubuhi na t4071 jioni. Na kama mna `IN` ndefu, kumbukeni kwamba orodha ya thamani 3 na ya thamani 4 ni maandishi mawili tofauti. Kwenye PostgreSQL `= ANY(%s)` yenye safu moja ya thamani huyafanya kuwa moja.