Printa inanguruma, karatasi haiji

SWALI: Ndugu Fundi, nina kibanda cha kuchapa na fotokopi hapa Arua, jirani na shule ya msingi. Printa yangu ndogo ya leza imeanza kukataa karatasi. Nasikia rola inazunguka, karatasi imetulia kwenye trei, halafu taa inawaka. Nikiisukuma kidogo kwa kidole, inaingia. Jirani anasema nipige rola msasa au niipanguse kwa petroli. Mwingine anasema mashine imekwisha. Nifanyeje, na mitihani ya mwisho wa muhula inakaribia?
Mama wa Kibanda, Arua

JIBU: Dada yangu, usinunue mashine. Hilo la kidole limenitosha. Kama karatasi ikisaidiwa inaingia, mota na gia zake ni nzima. Kilichopotea ni mshiko wa mpira wa rola inayovuta karatasi.

Zima printa, chomoa waya, iache ipoe. Toa katriji uifunike kwa kitambaa, maana mwanga huharibu dramu, ile silinda iliyo ndani yake. Sasa mulika rola kwa tochi ya simu. Mpira wenye mshiko haung'ai. Wako, naamini, unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Mng'ao huo ni karatasi yenyewe: viwanda huitia kalsiamu kaboneti, aina ya chokaa, iwe nyeupe na laini, na unga wake hujipaka kwenye mpira kila ukurasa unapopita. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi huko kwenu, hasa kama kibanda kiko wazi barabarani.

Petroli hapana, hapana kabisa! Thina na mafuta ya taa vilevile: huvimbisha mpira na kuuharibu. Anza na maji. Chukua kitambaa kisichotoa nyuzi, kiloweshe, kikamue hadi kisidondoshe tone, usugue huku ukizungusha rola taratibu. Geuza kitambaa kila kinapopata weusi, mpaka kitoke safi. Acha mpira ukauke. Maji yakishindwa, tumia alkoholi ya isopropili, kidogo tu, kwa sababu ikizoeleka hukausha mpira. Spiriti ya famasi isome kibandiko kwanza. Nyingine zimetiwa mafuta ya mbarika, na mafuta ndiyo yanayoua mshiko. Ndiyo maana hata vidole visiguse mpira uliokwisha kusafishwa.

Msasa siupendi. Karatasi itashikwa kwa muda, lakini rola inapungua unene, na ukikwangua upande mmoja zaidi, kurasa zitaingia mshazari. Kubali msasa laini iwapo tu spea iko njiani. Kuna printa ambazo mpira wa rola huchomoka kwenye kiini chake cha plastiki. Kama yako ni hivyo, uvue uugeuze, upande wa ndani uje nje. Njia hiyo naiamini zaidi.

Ukikuta nyufa, au mpira mgumu usiobonyea kwa kucha, agiza mpya, na uagize pamoja na pedi ya kutenganisha karatasi. Rola mpya juu ya pedi iliyolika itavuta karatasi mbili tatu kwa pamoja, na mtoto atapewa mtihani wenye ukurasa mtupu katikati. Anayekwenda kukununulia Nasser Road, Kampala, mpe rola ya zamani aende nayo mkononi. Jina la printa peke yake halitoshi, kwani mashine zinazofanana kwa nje huweza kutofautiana rola.