Hiyo kamera ya filamu ya Leica M6 ya dhahabu, unataka kupigia picha au kuiweka kabatini?

Mkuu umeuliza kama M6 toleo maalum la dhahabu inastahili kuuzwa mara mbili ya bei ya M6 ya kawaida. Kama ni kwa kupiga picha, hapana, tena usijisumbue. M6 ilitoka 1984 na hayo matoleo ya sherehe ndani ni mashine ileile, shata (kipazia kinachofunguka kuruhusu mwanga) ya kitambaa inayoishia 1/1000 ya sekunde, mita ileile ya kupima mwanga yenye vimshale vyekundu, na filamu haijui imezungushiwa dhahabu au chuma. Unacholipia ni ngozi, maandishi yaliyochongwa, boksi, cheti na namba.

Sasa kama unanunua kama mkusanyaji hapo ni stori nyingine, ila ujue mnunuzi atakayekuja baada yako ataikagua kama daktari: boksi lipo? namba ya kwenye cheti ndo hiyohiyo ya kwenye kamera? bamba la chini lina mikwaruzo? Ukiitumia tu inashuka thamani (mi hapo ndo huwa nashindwa kuwaelewa hawa watu, kamera ya kuogopa kuishika!) na usipoitumia nayo grisi inakauka, ukija kujaribu spidi za chini kama sekunde moja unasikia shata inajivuta, na fundi akiifungua wapo wanunuzi watasema si orijino tena.

Mi ningechukua ya kawaida iliyofanyiwa sevisi, na M6 mpya zipo, Leica walianza kuziunda tena 2022. Chenji yote nunua lenzi na filamu.