Barua kwa mwanangu: uliponiuliza napenda nyimbo gani

Mwanangu kipenzi,

Salamu sana, huku wote wazima, bibi yako anakusalimia na kila siku anauliza lini unakuja. Sasa mama nimeona nikae nikuandikie, maana lile swali lako la wasap sio la kujibu kwa voisi ya dakika moja. Ulisema ulishika simu yangu ukakuta Shakila yumo, Sikinde wamo, Profesa Jay yumo, Franco anaimba Kilingala ambacho sikijui, alafu na kwaya za kanisani zimo na sisi ni Waislamu, kwaiyo mama unapenda nini hasa, na nikuwekee zipi kwenye flashi ya gari?

Haya. Mi napenda wimbo unaonikalisha chini kwanza unisimulie, ukishamaliza kunisimulia ndo uniinue. Hicho ndo nakitafuta kote huko, na nikikikuta siulizi ni muziki wa nani.

Nilikijulia kwenye dansi. Hizi nyimbo za bendi za zamani zilikuwa na mwanzo wake na chemko lake. Mwanzo mwimbaji anatoa shauri, mke kaondoka, ndugu wamemsusa, kazi hamna, magitaa yako chini chini yanamsubiri amalize, na ukumbini watu wanacheza taratibu au wamekaa kwenye viti wanasikiliza kama wako kwenye kikao cha familia. Alafu ikifika mahali solo linabadilisha, tumba zinapanda, saksafoni na tarumbeta zinaanza kujibizana, hapo hakuna anayebaki kwenye kiti. Na tatizo lenyewe halijaisha! Mke hajarudi. Lakini watu wanacheza na wanaitikia lile lile tatizo huku jasho linawatoka. Mi nilipokuwa binti hili jambo lilinishika sana na mpaka leo halijaniachia.

Sikinde, yani Mlimani Park, walianza 1978 na kwangu mimi hakuna bendi iliyojua kusimulia kuwashinda, mashabiki wa Msondo, wapinzani wao, wanisamehe. Alikuwepo Gurumo, alikuwepo Chidumule, alikuwepo King Enock kwenye saksafoni, na Bitchuka na ile sauti yake nyembamba inayopanda mpaka unaogopa itakatika na haikatiki. Ukiniwekea Nalala kwa Tabu usiku barabarani sitasinzia, nakuhakikishia.

Na Remmy Ongala, huyu alizaliwa Kindu kule Kongo akaja kwetu 1978 akawa wetu kabisa, pale Sinza mpaka leo kituo kinaitwa kwa Remmy. Ana wimbo unaitwa Kifo. Hebu fikiria, mtu anaimba habari ya kifo, kwamba hakina huruma, kinachukua yeyote, na watu wanacheza! Nimeshawahi kuona mtu aliyetoka kuzika wiki hiyo hiyo anaucheza ule wimbo analia na miguu haisimami, na hakuna aliyemshangaa. Mwishoni Remmy aliingia kwenye injili, kama Chidumule alivyofanya, alifariki Desemba 2010. Wengine walisikitika kumkosa kwenye dansi, mi sikuona kama kahama mbali, mtu aliyekuwa anaongea na kifo angeishia wapi kama sio kuongea na Mungu.

Sasa nikwambie ule ninaourudia kuliko zote. Sina Makosa ya Les Wanyika. Wale walirekodia Nairobi lakini asili yao ni huku kwetu, maana Les Wanyika wametokana na Simba Wanyika, na Simba Wanyika ni ya kina Kinyonga, Wilson na George, watoto wa Tanga. Ukiweka headfoni sikiliza mwanzo kabisa kabla mtu hajafungua mdomo. Utasikia besi la Tommy Malanga linatembea polepole halina haraka, na rizim ya Omar Shabani, lile gitaa la kusindikiza, inazunguka pale pale, inazunguka, haipandi haishuki. Watu wote wanasifia solo. Mi ile rizim ndo inanimaliza. Yule bwana kwenye wimbo anabembeleza mwenzie, hasira za nini, wewe una wako nyumbani na mimi nina wangu, na ile rizim chini yake imetulia kuliko yeye, imemshika asianguke. Sauti ikinyamaza rizim inabaki, na unasikia bado shauri linaendelea. Nimewahi kuusikiliza ule mwanzo tu, nikaurudisha, nikaurudisha, mpaka baba yako akauliza kwani wimbo hauna mbele.

Baba yako yeye ni wa Franco. Mario ya 1985 ilikuwa haizimwi humu ndani. Kilingala hatujui, ila habari tuliipata, ni kijana anaishi kwa mama mtu mzima mwenye hela zake, na Franco pale haimbi sana, anaongea, anasema, analalamika, alafu anaachia magitaa yaseme yaliyobaki. Ndo kile kile nilichokwambia.

Taarab nimeinyonya Tanga. Kwetu kulikuwa na Black Star na Lucky Star, hao waliingiza magitaa kwenye taarab ikawa na utamu mwingine sio ule wa Unguja wa fidla nyingi na ganuni. Na Shakila. Macho Yanacheka, jina lenyewe tu limeshakuambia moyo unafanya nini. Nenda harusini wakati unaimbwa wimbo kama huo uangalie wanawake. Wimbo unaenda beti ya kwanza wamekaa, beti ya pili wamekaa, ikifika ile beti yenye neno lake mtu anainuka taratibu na khanga yake, noti kaikunja kwenye vidole, anapita katikati ya watu wala haangalii pembeni, anamtuza mwimbaji, anarudi kukaa. Hajasema kitu. Na ukumbi mzima umeshajua kaambiwa nani! Kwenye taarab kule kuinuka ndo chemko lenyewe. Hizi za mipasho za kina Khadija Kopa na Nasma Khamis miaka ya tisini nilizipenda pia, zilikuwa moto, lakini zile zilikusema kabla hujakaa vizuri, Shakila alikuwa anakusubiri ufike mwenyewe.

Tena huku kusimulia hakujaanza na Sikinde. Siti binti Saad, wa kwetu pwani aliyeenda Bombay 1928 kurekodi santuri, ana wimbo Kijiti, ni kesi ya kweli ya Unguja, mwanaume kaua mwanamke mgeni mjamzito akakimbia, na wanawake waliotoa ushahidi ndo wakaadhibiwa. Bi Kidude naye aliuimba. Sasa niambie gazeti gani la siku zile lilimfikishia habari ile mwanamke asiyejua kusoma.

Kwaya ni za majirani zetu Wakristo, zilikuwa zinapita ukutani Jumapili asubuhi nafua. Nilianza kuwasikiliza kwa zile besi za wanaume, soprano wanapanda huko juu wanang'aa na besi wako chini wanatembea na neno moja moja, na wimbo ukikaribia mwisho sauti zote nne za kwaya zinakutana, hapo nilikuwa naacha nguo kwenye beseni. Dini yangu naijua na wao wanaijua yao, ile sauti haijanipunguzia kitu.

Bongofleva umenifundisha wewe na kaka zako, mlikuwa mnadhani nafokea kelele kumbe nasikiliza maneno. Ndiyo Mzee ya Profesa Jay, mgombea anaahidi mambo hayawezekani na wananchi wanaitikia tu ndiyo mzee, ule ni ukumbi wa dansi kabisa, kuna anayesema na kuna wanaoitikia. Na Starehe ya Ferooz, kijana anaumwa Ukimwi anasimulia alivyofika pale, siku ile nyinyi mlinyamaza wote sebuleni na mlikuwa wadogo, na mimi nikapata pa kuanzia kuongea na nyinyi mambo ambayo nilikuwa sijui nayaanzaje. Hilo siwezi kulisahau kwa yule kijana.

Singeli sijakataa, mwili unaitaka, ila inaanzia kwenye chemko na kuishia kwenye chemko, hainipi muda wa kukaa.

Kwaiyo flashi iweke mchanganyiko hivyo hivyo ulivyoukuta, usinipangie dansi peke yake na kwaya peke yake. Ila nakuomba kitu kimoja, usiniwekee zile za madijei za harusini wanaokata mwanzo wote wakaingia moja kwa moja kwenye chemko. Mtu anachezaje jambo ambalo hajaambiwa? Niwekee nzima, hata kama ni ndefu zikaingia chache. Na Macho Yanacheka nitafutie yenye sauti safi, hii yangu imekwaruza katikati ya beti.

Mama yako