Nilimpigia vigelegele mtoto wa wenyewe

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja aliyeko Texas. Kijana wake ameingia timu ya shule ya futiboli ya Kimarekani, anavaa jezi nambari 67, na tangu msimu uanze hajaugusa mpira hata mara moja. "Dadangu, wanamdharau kwa sababu ni Mwafrika? Jumatatu nakwenda kumwona kocha." Nikamjibu hapo hapo: tafadhali usiende. Jibu kamili ndilo hili, ila atanivumilia, maana siwezi kulifikia bila kupita kwenye aibu yangu mwenyewe.

Mimi niko Brooklyn Park, Minnesota, na kazi yangu mnaijua: nalea wazee, zamu ya usiku. Kijana wangu alipofika darasa la tisa aliniletea fomu, nikatia sahihi huku nikikaanga vitunguu. Mechi ni Ijumaa jioni. Mbili za kwanza zilikuwa nyumbani, nikaenda, nikashika mambo mawili tu: sisi ni buluu, na wangu ni nambari 24. Nikaona hayo yananitosha. Nimekulia kwenye nyumba ya kaka watatu wacheza raga, mpira wa umbo la yai ungenishinda nini?

Ya tatu ilikuwa ugenini. Nilichelewa, nikapanda jukwaa la kwanza nililolikuta, nikaona buluu, nikamwona 24, nikaketi. Helmeti zile zinafunika uso wote, hata mama mzazi hawezi kujua ni nani. Na jioni hiyo 24 alikuwa moto! Akapewa mpira, akamkwepa mmoja, akamwangusha mwingine, akakimbia hadi mwisho wa uwanja. Nikasimama nikapiga vigelegele vya harusi. Jukwaa zima likageuka, wakacheka, wakanipigia makofi. Mama mmoja wa Kizungu akanipa kikombe cha kakao akaniuliza wangu ni yupi. Nikasema kwa madaha, "24."

Akaniangalia. "Huyo 24 ni mtoto wa dadangu," akasema polepole.

Jamani. Wageni huvaa nyeupe. Hiyo ndiyo kanuni yangu ya kwanza kwenu na naiweka juu ya zote: katika mechi za shule, timu mgeni huvaa jezi nyeupe na mwenyeji huvaa rangi iliyokolea. Wenyeji wetu siku hiyo nao walikuwa buluu. 24 wangu mimi alikuwa mwenye jezi nyeupe, yule aliyeangushwa akabaki kifudifudi kwenye nyasi. Nilimpigia vigelegele mtoto wa wenyewe akimpita wangu.

Ndani ya gari hatukusemezana. Tulipofika mlangoni akasema, "Mama, nilikusikia." Hayo tu. Na kule jukwaa la pili alikuwako Mkenya mwenzangu aliyenirekodi kwa simu, na kufikia Jumapili chama kizima kilikuwa nayo video. Hadi leo kuna wanaoniita Mama Ishirini na Nne. Nimesamehe. Lakini aliyerekodi namjua, na anajua kwamba namjua.

Aliyeniokoa ni mzee niliyekuwa nikimlea, shabiki wa Vikings, timu ya kulipwa ya hapa Minnesota, tangu ujana wake. Nilimsimulia usiku huo huo akacheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya kifua chake. Kisha akaniambia habari ya Jim Marshall, mchezaji wao wa zamani. Oktoba 25, 1964, Vikings wakicheza na San Francisco 49ers, Marshall aliokota mpira uliomponyoka adui akakimbia nao yadi 66, peke yake, hakuna aliyemfukuza. Hakufukuzwa kwa sababu alikuwa anakimbilia upande wake mwenyewe! Alipofika akautupa mpira nje kwa furaha, na 49ers wakapewa pointi mbili. Hiyo inaitwa sefti: mpira ukifia ndani ya eneo lako la mwisho, nyuma ya mstari wa goli lako, kwa kosa lako, mwenzako anapata 2. Marshall hakujificha. Alirudi uwanjani, akasababisha mpira uwaponyoke 49ers, mwenzake Carl Eller akauokota akafunga, na Vikings wakashinda 27 kwa 22. Alicheza mechi 282 mfululizo katika maisha yake. "Wewe umepotea jukwaani tu," mzee akaniambia, "keti nikufundishe."

Alinifundisha kwa biskuti juu ya sinia ya chai. Wachezaji 11 kwa 11. Kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli ni yadi 100, na nyuma ya kila mstari kuna eneo la mwisho la yadi 10. Soka letu hutiririka. Huu mchezo hukatikakatika, na ndiyo sababu unatuchosha mwanzoni. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne, kila moja huitwa dauni, ili isogee yadi 10. Ikizifikisha, inaanza kuhesabiwa manne upya. Isipozifikisha, mpira ni wa wenzao. Ukisikia "dauni ya tatu, yadi saba", maana yake jaribio la tatu limefika na zimebaki saba. Wale watu wa pembeni wenye vijiti viwili na mnyororo kati yake, niliodhani ni mafundi wa uwanja, ndio wanaopima hizo 10.

Hilo la dauni ukilishika umeshika nusu ya mchezo. Kwa nini wanaupiga mpira mbali katika dauni ya nne? Nilidhani ni woga. Kumbe ni hesabu: wakijaribu wakakwama, adui anaanzia pale pale, karibu na goli lao, afadhali aanzie mbali. Huo mpigo ni panti. Wakiwa karibu vya kutosha, watapiga kati ya nguzo wapate pointi 3. Kuvuka na mpira mpaka eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na baada yake wana nafasi ya kuongeza 1 kwa mguu au 2 kwa kuvuka tena.

Waliotoka kwenye raga wajihadhari, kujua kwao kutawaponza kama kulivyoniponza mimi. Hapa mpira unarushwa mbele, mara moja kwa kila jaribio, na anayerusha lazima awe nyuma ya mstari walikoanzia. Mara nyingi ni kwotabeki. Asiye na mpira naye anazuiwa kwa mwili, jambo ambalo kwenye raga ni kosa. Wala huhitaji kuugusisha mpira chini ili ufunge. Mkenya wetu Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na timu ya futiboli ya Indianapolis Colts mwaka 2013, na yeye pia ilibidi aanze alifu kwa ujiti.

Kingine: kitambaa cha manjano kikirushwa na refa, meza kigelegele chako kwanza. Kuna kosa, na tachidauni inaweza kufutwa. Shuleni wanacheza robo nne za dakika 12, lakini usidhani utakuwa nyumbani baada ya dakika 48. Beba blanketi.

Mzee alifariki kabla ya kuona matunda ya biskuti zake. Msimu huu, ugenini, kijana wangu, ambaye sasa ni beki wa pembeni, alimnyang'anya mpokeaji mpira hewani. Nilipiga kigelegele peke yangu katikati ya baridi ya Oktoba, nikiwa upande wetu. Akainua kidole akanielekezea jukwaani. Yule mwenye simu hakurekodi.

Wazazi wenzangu, niwaambie ukweli hata kama utawachoma. Tunataka watoto wapate ufadhili wa chuo, tunaomba kanisani, halafu Ijumaa tunawaacha wapelekwe na basi na kurudishwa na basi, sisi tuko kazini zamu ya ziada. Omba ruhusa. Keti jukwaani, weka simu chini, uliza jirani yako dauni ni ya ngapi. Atakueleza kwa furaha, hawa watu wanapenda kuulizwa. Tena uliza. Mtoto anajua ni nani anayetazama na ni nani anayekohoa tu akingoja mechi iishe.

Sasa wewe dada wa Texas. Nambari 50 hadi 79 kwa kawaida ni za mstari wa mbele, na timu ikiwa na mpira, mwenye nambari hizo haruhusiwi kupokea pasi ya mbele. Kazi ya 67 ni kuwazuia majitu wasimfikie kwotabeki. Asipoonekana, amefanya kazi. Mara nyingi hutajwa akikosea tu. Basi Ijumaa usiufuate mpira kwa macho, mfuate yeye. Kwotabeki akirusha bila kuguswa, hapo ndipo pa kigelegele chako.

Ila uniambie kwanza, hiyo mechi ni nyumbani au ugenini?