Je, Njaa Kuu za Historia Zilikuwa Adhabu ya Mungu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia mwenzetu mmoja alifundisha kwamba njaa zote kubwa zilizowahi kutokea duniani zilikuwa adhabu kwa watu waliomwacha Mungu. Aliongeza kwamba Mkristo anayemtegemea Mungu kweli hahitaji kuweka akiba ya chakula, kwa kuwa Waisraeli walilishwa mana siku kwa siku. Baadhi yetu tuliguna, ila hatukuwa na la kujibu. Tunaomba utusaidie.

JIBU: Amina. Nashukuru kwamba hamkuliacha jambo hili lipite, kwa maana fundisho la namna hiyo likishaota mizizi humfanya mwenye njaa aonekane mkosaji, na mwenye chakula ajione mtakatifu.

Ni kweli kwamba Biblia inazitaja njaa kadhaa kuwa hukumu. Wakati wa Daudi kulikuwa na njaa ya miaka 3, na Mungu alipoulizwa alijibu kwamba chanzo chake ni Wagibeoni waliouawa na Sauli (2 Samweli 21:1). Lakini angalieni kwamba sababu hiyo ilitamkwa na Mungu mwenyewe, haikukisiwa na jirani, na kwamba kosa lilikuwa la mfalme, si la wale waliolala na njaa. Kwingineko hatupewi sababu yoyote. Njaa iliyompeleka Abrahamu Misri, ile ya siku za Isaka na ile iliyomtoa Naomi Bethlehemu pamoja na mumewe, hakuna hata moja ambayo Maandiko yanasema ilikuwa malipo ya dhambi. Naye Bwana Yesu, alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha akawaelekezea wasikilizaji wake wito wa toba (Luka 13:4-5).

Historia inaonyesha pia jinsi wazo hilo lilivyoweza kutumiwa vibaya. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu ulishambulia viazi nchini Ireland, zao ambalo maskini wa huko walilitegemea karibu katika kila mlo, na kufikia mwaka 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi yaliyoandamana nayo, huku wengine zaidi ya milioni 1 wakiihama nchi. Katika miaka hiyohiyo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Charles Trevelyan, afisa wa Hazina ya Uingereza aliyesimamia misaada, aliandika mwaka 1848 kwamba msiba ule ulikuwa pigo la moja kwa moja la Mungu mwenye hekima na rehema zote. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba Mungu anatawala historia, na ndiyo maana maneno hayo yananiuma: yaliandikwa na mtu aliyekuwa na sauti juu ya fedha ambazo zingewalisha watu.

Huko Bengal, jimbo la India ya wakati huo, mwaka 1943, chini ya utawala uleule wa Uingereza, makadirio mengi yanataja vifo vya watu milioni 2 hadi 3. Kimbunga na ugonjwa wa mpunga vilipunguza mavuno, lakini Vita vya Pili vya Dunia navyo vilikata mchele uliozoea kutoka nchi jirani ya Burma (leo Myanmar), serikali ya kikoloni ikachukua au kuharibu mashua za watu wa pwani ili zisiangukie mikononi mwa Wajapani, na bei ikapanda mpaka kibarua asiye na shamba akashindwa kununua mchele anaouona sokoni kwa macho yake. Dhambi ilikuwapo katika msiba ule, tena nyingi, lakini tukisema waliokufa walikuwa wanaadhibiwa tutakuwa tumeitafuta mahali pasipo pake.

Sasa kuhusu akiba. Mwenzenu ameisoma Kutoka 16, lakini hakuimaliza. Mana iliyobakizwa hadi asubuhi iliingia mabuu na kunuka, naam. Ila siku ya sita watu waliagizwa wakusanye maradufu na kuiweka kwa ajili ya Sabato, nayo haikuoza. Siku hiyo kuweka akiba ndiko kulikokuwa kutii. Walipoingia Kanaani wakala mazao ya nchi, mana ilikoma (Yoshua 5:12), na hakuna aliyewaambia kwamba sasa wanajitegemea wenyewe. Ni Mungu huyohuyo aliyemfunulia Yusufu miaka 7 ya shibe na 7 ya njaa, naye Yusufu, aliyekuwa ametoka kusema mbele ya Farao kwamba jibu halitoki kwake bali kwa Mungu, akashauri sehemu ya tano ya mazao ihifadhiwe mijini.

Hata hivyo siwezi kuipita Mwanzo 47 kimya. Ghala lilelile lililookoa maisha ndilo lililowafanya Wamisri watoe fedha zao, kisha mifugo, kisha mashamba, na mwisho nafsi zao kwa Farao. Anayeshika ufunguo wa ghala wakati wa njaa ana mamlaka ya kutisha juu ya binadamu wenzake, na hapo ndipo tegemeo lake kwa Mungu linapopimwa.

Basili wa Kaisaria, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alilielewa hili. Njaa ilipoupiga mji wake karibu na mwaka 369, akiwa bado kasisi, kabla ya kuwa askofu, aliwahubiria matajiri waliofungia nafaka wakingoja bei ipande, mpaka baadhi wakafungua maghala. Rafiki yake Gregori wa Nazianzo alisimulia baadaye jinsi alivyowakusanya wenye njaa, wanaume, wanawake na watoto, akaleta vyungu vya mchuzi wa kunde na nyama ya chumvi, akawahudumia kwa mikono yake. Hakuwauliza kwanza walikuwa wametenda dhambi gani.

Ninawashauri kwamba mkikutana tena msome 1 Wafalme 17 mpaka mwisho, maana wengi wetu huishia pale unga wa mjane wa Sarepta usipopungua. Baada ya muujiza ule mwanawe aliugua hata pumzi ikamtoka, na yule mama, ambaye alikuwa akila kila siku kwa mkono wa Mungu, alimwambia Eliya kwamba bila shaka amekuja ili dhambi yake ikumbukwe. Yeye pia aliamini kwamba msiba ni adhabu. Eliya hakumkubalia wala hakubishana naye. Alimwambia, “Nipe mwanao,” akamchukua kutoka kifuani mwa yule mama, akapanda naye chumbani juu, akamlilia Mungu, kisha akashuka na mtoto akiwa hai. Muulizeni mwenzenu, kwa upole, kama amewahi kuzungumza na mtu aliyekosa chakula, na alimwambia nini.