Usiwakumbatishe haraka

Mwanangu,

Salama lakini? Huku Mombasa twashukuru, joto tu. Meseji yako nimeisoma mara tatu, unaniuliza kwenye hicho kitabu chako cha vijana wale ndugu watatu waliotenganishwa fosta kea, yaani serikali ikawapeleka kulelewa nyumba za watu wengine, huko Ohio Marekani wakikutana mwishoni wakumbatiane ama vipi, na mimi nilijisikiaje siku nilipoonana tena na mjomba wako.

Kwanza huyo dada mkubwa. Umeandika alilia siku walipochukuliwa, sawa, lakini baada ya hapo umemwacha anaenda shule tu kama mtoto yeyote, hapana mwanangu. Huyo ndiye alikuwa mama yao, yeye ndo anajua mdogo halali taa ikizimwa, leo wanampeleka nyumba ingine wanamwambia pumzika, we ni mtoto. Atapumzikaje? Mimi nilipelekwa kwa shangazi nina miaka kumi, mjomba wako sita, yeye wakampeleka makao ya watoto, na alikuwa anapenda ukoko kuliko wali wenyewe. Basi kila tukipika nakwangua sufuria, ukoko naufunga kwenye gazeti naficha chini ya godoro, namwekea akija. Sisimizi wakanifichua, shangazi akanichapa akijua naiba chakula. Sikumwambia ni wa nani. Hiyo iandike.

Na yule afisa wa ustawi usimfanye shetani. Si uliniambia mwenyewe sheria ya Marekani ya 2008 inataka wajitahidi kuwaweka ndugu pamoja, na ikishindikana waonane mara kwa mara? Sasa nyumba yenye leseni na vitanda vitatu vitupu, usiku ule ule, ataitoa wapi? Muonyeshe yuko kwenye gari na watoto wamelala nyuma, anapiga simu moja baada ya nyingine, kila anayepokea anasema mmoja nitamchukua.

Kukumbatiana sasa. Tulionana baada ya miaka tisa, stendi ya mabasi, akanipa mkono akasema shikamoo dada. Hajawahi kuniamkia maisha yake yote! Nyumbani nikapika wali, nikamkwangulia ukoko, akausogeza pembeni ya sahani akala wali. Nilienda kulia jikoni, maana miaka yote hiyo nilikuwa namngoja yule wa miaka sita.

Mpigie umuulize na upande wake, yeye anakumbuka mambo mengine kabisa, ukoko hata haujui.

Mamako